Shindano la hadithi fupi kwa picha hapa Mwanza: majaji walitaka hadithi au orodha ya vitu?

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Waandaaji wa shindano moja la vijana hapa Mwanza, ambalo washiriki wake walipewa picha moja waitungie hadithi fupi, wametoa matokeo, na kwa kuwa baadhi ya washiriki ninawafundisha uandishi, nimezisoma hadithi zilizoshinda pamoja na maoni ya majaji juu ya zile zilizoachwa. Nilichokiona ni uonevu.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri: mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) wenye mawe makubwa kama haya yetu, mtumbwi uliovutwa nchi kavu, dagaa walioanikwa kwenye vichanja, mwanamke aliyewapa kisogo dagaa hao akitazama ziwani, na juu ya maji wingu zito jeusi. Maelekezo yalitaka hadithi fupi inayosadikika.

Binti mmoja aliiuliza picha hiyo swali lililo dhahiri: kwa nini mwanamke huyu haanui dagaa wake ilhali mvua inakuja? Aliyekulia karibu na Kirumba, penye soko la dagaa hapa Mwanza, anajua kwamba dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka huharibika, bei huporomoka, na mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo anayesimama tu akitazama maji lazima awe na jambo linalomwelemea kuliko hasara hiyo. Katika hadithi ya binti huyu, dagaa wamenunuliwa kwa fedha za mkopo, mume aliyekwenda kuvua usiku hajarudi, na mwanamke anahisi kwamba akigeuka kuanua atakuwa ameshamkatia tamaa. Mhusika ni mmoja, muda ni mfupi, na uamuzi hauna pa kukimbilia. Majaji waliandika: "Mtumbwi na mawe havikutajwa." Hawakuongeza neno.

Hadithi iliyopewa ushindi inaanza na "hapo zamani za kale", kisha inataja mtumbwi, mawe, vichanja, wingu na hata rangi ya gauni, kimoja baada ya kingine, bila mtu yeyote kutaka chochote wala kuzuiwa na chochote, mpaka mwanamke anaposhtuka usingizini na kugundua kwamba alikuwa anaota. (Huo mwisho wa ndoto, kwa maoni yangu, ungepigwa marufuku kama kokoro, ule wavu haramu wa kuvuta samaki hadi ufukoni.) Ndani yake wavuvi wanajaza mitumbwi dagaa kwa taa chini ya mwezi mpevu, na asubuhi maji yamekupwa, watoto wanaokota samaki waliobaki mchangani. Dagaa hufuata mwanga wa taa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu, ndiyo maana wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku hizo. Ama kupwa na kujaa, hayo ni mambo ya Tanga na Bagamoyo, si ya Ziwa Victoria. Hata hivyo majaji walisifu "mandhari yaliyochorwa kwa uhalisia".

Sidai kwamba kila kijana awe mvuvi ndipo aandike. Ninachodai ni kwamba picha hukamata nukta moja tu ya wakati, na kazi ya mwandishi ni kutafuta kilichotangulia nukta hiyo na kitakachoifuata, akichagua vitu vichache vinavyobeba tukio na kuviacha vingine bila kuomba radhi. Anayetoa alama kwa kila kitu kilichotajwa anapima uwezo wa kuona, na uwezo huo mtoto wa chekechea anao.

Nimewaandikia waandaaji kuomba mwongozo wao wa kutoa alama, nao wamenijibu kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Basi wauchapishe mwongozo huo kabla ya kutoa picha nyingine, ili vijana wajue mapema kama wanaitwa kuandika hadithi au kuhesabu mitumbwi. Na kama yupo mshiriki humu aliyerudishiwa kazi yake ikiwa na maoni ya aina hii, ayaweke hapa chini bila kutaja jina lake, nami nitayaambatanisha katika barua ya pili.