Kijikamba cha chini ya kichwa cha uume kimechanika: mteja hataki hospitali, nimwambie nini?

Konde_dukani
Assalaamu aleikum. Nauliza kwa ajili ya duka la dawa. Vijana huja magharibi, mtu anangoja wateja waishe, ndipo anaomba kwa sauti ya chini kapsuli za antibiotiki za rangi mbili, mbili tatu tu. Ukimdadisi, kile kijikamba cha ngozi chini ya kichwa cha uume kimechanika wakati wa tendo, na unga wa kapsuli anataka kuumwagia juu. Hospitali hataki kuisikia, anaogopa sindano ya kushonwa. Bila kushona yanatibika? Na mpaka wapi? Naomba hatua na vipimo, maana "nenda kwa daktari" keshaikataa.

tabibu_mstaafu
Waaleikum salaam. Mpasuko mdogo wa juujuu haushonwi. Sehemu ile ina damu nyingi, hivyo hupona upesi, na wingi huo huo wa damu ndio unaowatisha watu. Ndani ya kijikamba mna mshipa mdogo. Ukiguswa, nguo inalowa.

Kwanza damu isimame. Anawe mikono, akunje gozi au kitambaa safi, abane kwa gumba na kidole cha shahada dakika 10 hadi 15 kwa kutazama saa, bila kuchungulia kidonda. Wengi huharibu hapo: kila dakika mtu anaachia kutazama, na donge la damu lililoanza kuziba linang'oka.

Ikisimama, aoshe. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Amwagie tu, asisugue, kisha akaushe kwa kugusagusa. Maji ya bahari si badala yake, yakhe: yana chumvi karibu mara nne ya hiyo, na vijidudu juu. Spiriti, Dettol isiyotiwa maji, dawa ya meno, majivu, vyote hivyo aviache. Vinaunguza nyama changa inayojaribu kujifunga. Akistanji, maji safi yanatosha, sabuni isiingie kidondani.

Halafu Vaseline, kiasi cha punje mbili za mchele, mara mbili au tatu kwa siku. Kazi yake ni kuzuia kidonda kisigandane na nguo. Nyumbani avae msuli, chupi ya kubana aiweke kando. Plasta ya kuzungusha hapana: uume ukisimama inakaba, ngozi ya mbele inavimba.

Maumivu: paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Aspirini asinywe, huongeza kuvuja damu.

Kuhusu unga wa kapsuli, ile ni dawa ya kumeza. Ukikauka juu ya kidonda hufanya gaga gumu. Usiku mwanamme husimamisha usingizini mara kadhaa, hata asipoota. Gaga linapasuka na ngozi mpya nayo. Asubuhi anadhani dawa haikutosha, anaongeza nyingine. Tena baadhi ya kapsuli hizo ni za jamii ya penisilini, na wapo wenye mzio wake wasiojijua.

Chake_2
Naongeza muda, maana hapo ndipo wanapoharibu. Mpasuko mdogo hufunga kwa wiki moja au mbili, lakini kufunga si kupona. Asirudi kwenye tendo mpaka ngozi ikivutwa haiumi, kisha aongeze wiki nyingine mbili. Wa kina zaidi, wiki 4 hadi 6. Kujichua kumo humo humo.

Akirudi kwenye tendo atumie kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi ni laini, sawa, lakini kondomu ya mpira yanaiozesha. Kikichanika palepale tena na tena, pana kovu au kijikamba ni kifupi, na hilo dawa ya kupaka hailitatui. Na mtu mzima ambaye ngozi ya uume inampasukapasuka bila sababu, apimwe sukari.

Jambo jingine msione haya kuliuliza: kama hali ya mwenziwe haijulikani, dawa za kinga ya VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Chanjo ya pepopunda nayo ikumbukwe.

fundi_cherehani
Na wa kunaswa ngozi na zipu je? Wapo wengi kuliko mnavyodhani. Asiivute kwa nguvu, si juu si chini. Amwagie mafuta ya kula, angoje dakika 10, ajaribu polepole. Ikikataa, kichwa cha zipu kina bamba la mbele na la nyuma, yameungwa na kijiti kimoja juu. Kikate kwa koleo la kukatia waya, mabamba yanaachana na meno yanafunguka yenyewe. Ngozi ikibanwa na meno tu, kata zipu kwa mkasi chini ya pale iliponasa, uyatenganishe.

Konde_dukani
Ahsanteni. Nitajuaje kwamba si kidonda cha ugonjwa?

tabibu_mstaafu
Muulize kilianzaje. Mpasuko una saa yake: ulitokea wakati fulani, ukauma, ukatoa damu. Kidonda kisichouma chenye kingo ngumu ni cha kushuku kaswende. Vipele vya maji vinavyopasuka, malengelenge ya sehemu za siri. Huyo akapimwe.

Wa kwenda usiku huohuo ni hawa: damu haikusimama baada ya kubana mara mbili, damu inatoka kwenye tundu la mkojo, mkojo umeziba, au ulisikika mlio wa "tap", uume ukalala ghafla, ukavimba na kuwa wa zambarau. Huo wa mwisho ni kuvunjika kwa uume, unahitaji upasuaji, na kila saa ya kungoja inaongeza hatari ya kubaki umepinda. Kutoka Konde, hapo Pemba, apelekwe hospitali ya Wete au Chake Chake, asile chochote njiani. Mwenye homa au wekundu unaotambaa naye aende usiku huohuo; usaha peke yake unaweza kungoja asubuhi, si zaidi.