Msaada wakuu: deki gani inasoma diski za katuni za Kijapani? Nipo Mwanza

Kijana wa Kirumba
Wakuu, mwangaluka. Siku ya tatu hii sijalala vizuri, naomba msaada.

Nakusanya filamu za katuni za Kijapani, anime, kwenye diski halisi, siyo za kushusha mtandaoni. Ilianza kama mzaha. Kazi yangu ni redio za magari, na haya magari ya mtumba kutoka Japani mara nyingine yanakuja na diski imesahaulika ndani. Mwenye gari hana shida nayo, naiomba. Leo ninazo 23.

Sasa kuna mzee Nyegezi anauza boksi la diski 41, anasema alirudi nazo mwenyewe kutoka Yokohama. Anataka milioni 1.6. Alinipa mbili nijaribu nyumbani, moja ikakubali, nyingine deki ikaandika ukanda siyo. Swali langu ni hilo tu: ninunue deki gani? Kesho jioni natakiwa nimpe jibu.

Sangara Mfu
Mtu mzima. Katuni. Milioni moja na laki sita. Nimekaa paleee na karanga zangu.

FundiDeki
Mkuu, usichanganye vitu. Ukanda ni sehemu ya dunia ambayo diski na deki zimetengenezewa; zisipolingana, deki inakataa. Kwenye DVD, Japani wako ukanda wa 2, sisi tuko wa 5. Kwenye Blu-ray, Japani wamepangwa A pamoja na Marekani, Afrika tuko B na Ulaya. Tafuta deki isiyobagua ukanda, au ambayo fundi anaweza kuifungua kwa rimoti. Kompyuta nayo ina mtego wake: sehemu ya kusomea DVD inakuruhusu kubadili ukanda mara 5 tu, ya tano inaganda. Mimi nilizimaliza zote kwa kuchezea, nikabaki ukanda wa 1 kama mtu mwenye shangazi Texas.

Swali: zile mbili ulizojaribu, chini zina rangi gani?

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Mwanangu, hiyo milioni 1.6 umeitoa wapi? Mafundi redio nawajua, mmoja ninaye ndani ya nyumba.

Kijana wa Kirumba
Shikamoo bi mkubwa. Hela ipo, hilo lisikusumbue. FundiDeki, kwenye boksi la mzee 9 ni Blu-ray, zilizobaki ni DVD. Kuna ile ya Miyazaki, mwongozaji wa katuni wa Kijapani, iliyochukua Oscar 2003, Spirited Away, bado ina mkanda wake wa karatasi wa Kijapani ubavuni, haujachanika hata kidogo. Asiyekusanya hawezi kuelewa ule mkanda.

Dagaa Mkavu
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na meza ya CD pale Makoroboi, Jumamosi watu wanapanga foleni. Flash zikaja. Mteja anakuletea flash moja anataka filamu ishirini kwa buku. Nilichoma akiba yangu yote ya makasha nyuma ya nyumba, moshi ule mke wangu anausema mpaka leo. Siku hizi nauza dagaa. Dagaa hawaingii kwenye flash.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Marahaba. Sikuuliza kama ipo, nimeuliza umeitoa wapi.

Kijana wa Kirumba
Sawa. Kuna injini ya boti, Yamaha ya farasi 15, nililetewa niipeleke kwa fundi. Imepona. Nimepata mtu wa milioni 2. Ni ya marehemu baba, kwa hiyo na mimi nina haki yangu humo. Kaka ndiye anaitumia, yuko Ukerewe, lakini miezi miwili hii anapiga kasia na ameshazoea. Nitamnunulia nyingine mwakani. Halafu kwa mzee nimeshatanguliza laki mbili, na amesema hazirudi, kwa hiyo nikiacha nimepata hasara.

Tusitoke kwenye mada jamani, mada ni deki.

Sangara Mfu
"Ameshazoea."

Mtumishi wa Igoma
Esau aliuza haki yake kwa dengu, wewe unauza ya kaka yako kwa vikaragosi. Tubu.

Passo Nyeupe
Mimi gari langu tangu litoke bandarini, kila nikiwasha kuna dada ananisemesha Kijapani. Mwaka wa nne. Fundi alitaka kumnyamazisha nikakataa, ndiye mtu pekee anayenisalimia asubuhi.

Mzee wa Mwalo
Kijana, kaka yako anavua nini?

Kijana wa Kirumba
Dagaa. Usiku wa jana tu alinipigia akiwa ziwani.

Mzee wa Mwalo
Jana mwezi ulikuwa kama sinia. Dagaa wanafuata taa wakati wa giza, mbalamwezi watu wako nchi kavu wanashona nyavu. Kaka gani huyo? Hii chai, tena imepoa.

Sangara Mfu
Nimekagua. ID imefunguliwa Jumanne. Wakuu, mzee wa Nyegezi ndiye huyu huyu! Anatangaza boksi lake kijanja, subirini aweke namba ya simu.

Passo Nyeupe
Na mimi nilishaanza kumwonea huruma kaka.

Kijana wa Kirumba
Nimesema alikuwa ziwani, sikusema alikuwa anavua. Alikuwa anavusha mgonjwa kumpeleka Nansio. Kwa kasia. Alipiga kuuliza injini imefikia wapi.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Ukamjibu nini?

FundiDeki
Narudia, maana mimi nimeshikilia mada yako: rangi?

Kijana wa Kirumba
Iliyokataa ni fedha. Iliyokubali ina uzambarau kwa mbali. Ina filamu 4 na maandishi ya Kichina chini, ila picha ni safi.

FundiDeki
Basi iliyokubali ndiyo yenye ugonjwa. Diski ya kiwandani chini inang'aa fedha. Zambarau mara nyingi ni ya kuchoma. Filamu 4 kwenye DVD moja, Kichina chini, na inaingia deki yoyote? Hiyo ni kopi ya mtaani, Yokohama haikuiona. Kabla hujauza hata parafujo, kageuze zote 41, moja moja.

Mzee wa Mwalo
Unamshauri mtu ambaye hayupo.

FundiDeki
Hata kama hayupo, rangi ni ile ile.

Kijana wa Kirumba
Nipo kwa fundi sasa hivi. Mteja wa injini amekaa nje kwenye bodaboda. Kaka naye anapiga, ni mara ya pili.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Pokea.

Dagaa Mkavu
Samahani, ile yenye mkanda wa karatasi, mzee anaweza kuitoa peke yake?