Tunataka kutembea kwa miguu Ujiji hadi Tabora: tufikeje Ujiji?

Mjukuu wa Mpagazi
Wakuu, habari za jioni. Mimi na binamu yangu tumepania kutembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Kwihara, Tabora, tukifuata kwa karibu njia ya zamani ya misafara. Babu wa babu yetu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa pembe za ndovu. Katika ukoo wetu habari zake zinajulikana, ila hakuna aliyewahi kuikanyaga njia yenyewe.

Tunatokea Dar, tunalenga Julai. Mazoezi tumefanya ya kutosha. Kinachotuumiza kichwa ni kufika pale pa kuanzia: treni, basi au ndege? Na tukishafika, tuanze siku hiyohiyo? Isitoshe, kaka yetu mmoja anasisitiza tuanzie Tabora tumalizie ziwani, kama walivyofanya Wazungu. Naombeni ushauri, hasa wenyeji.

Mwana wa Mwanga
Karibuni sana Kigoma. Mimi nasema treni, tena bila kusita. Basi la Dar linaweza kuzungukia Kahama, Kibondo na Kasulu, na hapo nchi mtakayoitembea hamtaiona. Ndege ina haraka yake, lakini mitungi ya gesi ya jiko la kambini hairuhusiwi ndani ya ndege.

Reli ya kati inapita Tabora, Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza hadi Kigoma, karibu kabisa na njia yenu. Kaeni dirishani na daftari. Kukiwa mchana, andikeni wapi kuna vijiji vimekaribiana, wapi ni pori tupu la miombo, wapi mto bado una maji. Hayo hamtayapata kwenye ramani ya simu.

Mkikata tiketi hakikisheni behewa lenu ni la Kigoma, kwa sababu pale Tabora njia ya Mwanza inachepuka na mabehewa hutenganishwa. Ratiba nayo hubadilika, ulizeni stesheni mapema, na msipange kuanza kutembea siku ya kushuka. Mtakuwa mmelala mmekaa, miguu imevimba. Pumzikeni mjini usiku mmoja au miwili. Ujiji si mbali, daladala zipo.

Mwalimu wa Isevya
Nichangie hilo la wapi pa kuanzia, maana ndilo lenye uzito. Mmechagua vizuri, anzieni Ujiji. Burton na Speke waliingia Ujiji wakitokea Tabora mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871, ndiyo maana watu wanaiona njia hii kama ya kwenda ziwani. Lakini pembe zilikuwa zikielekea pwani, na waliotekwa kuwa watumwa nao walisukumwa upande huohuo. Mzigo wa mpagazi ulifika frasila mbili, kama kilo 32, mbali na chakula chake na mkeka. Kama mnamfuata babu yenu, tembeeni mkielekea mashariki.

Jambo jingine: msitafute mstari mmoja mkauita njia halisi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, njia ikafungwa, Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Misafara ilifuata maji, chakula na amani. Nanyi mkichepuka kwa sababu ya kisima, hamjapotea.

Dada wa Uvinza
Nawaunga mkono, ila naomba msidharau haya. Huu ni mkoa wa mpakani, Uhamiaji hukagua mara kwa mara. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, si picha kwenye simu. Pateni barua ya serikali ya mtaa huko kwenu, na kila kijiji mnacholala mpite kwanza kwa mtendaji. Watu wawili wenye mabegi makubwa wakitokea porini jioni bila taarifa, wanakijiji wana haki ya kuwatilia shaka.

Msipite juu ya reli wala daraja la treni pale Malagarasi, tumieni barabara. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda mno. Julai ni kiangazi, njia ni kavu, lakini vijito vingine vimekauka pia. Kati ya Malagarasi na Usinge ulizeni maji na wanyama kabla hamjaondoka asubuhi. Wakisema subirini mpate mwenyeji wa kuwasindikiza, subirini.

Mjukuu wa Mpagazi
Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Basi ni treni, na tunaanzia Ujiji. Mwalimu, maneno yako nimemsomea kaka kwa simu, amekubali. Dada, swali moja: kutoka Ujiji tumepanga kupita Kidahwe, kisha Kazuramimba, ndipo Uvinza. Kuna mahali pa kulala katikati, au tubebe hema?

Dada wa Uvinza
Kazuramimba ni mji mdogo wenye soko, hamtakosa pa kulala. Hema libebeni hivyohivyo, mtalihitaji mkishaipita Uvinza. Mkifika kwetu ulizeni wazee wa karibu na visima vya chumvi. Misafara ilikuwa ikinunua chumvi hapo, na kuna mzee anayeweza kuwaonyesha ilipokuwa inavuka mto.