Nimeitwa unyapara kiwanda cha chumvi, lakini bado ni kibarua. Nikubali?

Kijana wa Gongoni
Hamjambo ndugu zanguni. Naomba ushauri, na msinionee haya. Niko kiwanda kimoja cha chumvi huku kwetu Magarini, mwaka wa tatu sasa. Nilianza shambani, kukwangua na kusomba chumvi, jua la saa saba likipiga ule weupe hadi macho yatoka machozi. Aliyeifanya kazi ile ajua nyufa za miguu zinavyowaka zikiguswa na maji. Mwaka jana nikaingizwa ndani kwenye kufungasha, na tangu hapo mashine ya kushonea magunia ikikwama huitwa mimi kabla ya fundi.

Juzi meneja kaniita: niwe nyapara wa zamu ya usiku, watu 18. Nikauliza malipo. "Tutaangalia." Nikauliza barua, akacheka. Yaani nabaki kulipwa kwa siku, ila sasa mimi ndiye wa kuwaambia jirani zangu "leo hakuna kazi, rudini". Mke wangu asema nikikataa nitaonekana mjeuri. Mwaonaje?

Baharia Mstaafu
Kataa. Chukua pikipiki ya mkopo, uwe bosi wako mwenyewe.

Kijana wa Gongoni
Kaka, stendi ya Gongoni pikipiki ni nyingi kuliko abiria.

Mama Zaituni
Mwanangu, mimi nimefungasha chumvi miaka sita, nakwambia nililoliona. Kiangazi nyapara ni mtu mkubwa. Masika ikiingia, chumvi haivunwi, afisi yataka watu wapunguzwe, na orodha ya majina huandika nyapara. Wetu aliandika. Alipomaliza kutuandika sisi, mwezi uliofuata naye akatolewa, kwa kuwa kwenye karatasi alikuwa kibarua kama sisi. Alipofiwa na mamake tulikwenda, mazishi hayasusiwi. Lakini hakuna aliyelala matanga.

Karani wa Zamani
Ya Mama Zaituni yatie akilini, kisha soma Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37. Kibarua akifanya siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa wa mwezi, na kumtoa kwataka notisi ya siku 28. Kufungasha chumvi kutakwisha lini? Kesi ikifika kortini na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake.

Kijana wa Gongoni
Wao ni werevu. Kila wiki tatu twaambiwa tukae nyumbani siku mbili, halafu twaandikwa upya.

Karani wa Zamani
Mchezo huo ni wa zamani, na majaji wameuona sana. Ndiyo maana nimekutajia ile sehemu ya miezi 3. Wewe jiwekee daftari: tarehe, zamu, saa. Kama mwalipwa kwa M-Pesa, usifute ujumbe hata mmoja. Angalia na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kama makato yako yafika. Kuhusu huo unyapara, mtumie meneja ujumbe wa adabu leo: "Nashukuru kwa nafasi uliyonipa, naomba nijue malipo na tarehe ya kuanza." Akijibu, una maandishi. Asipojibu, una ujumbe wako. Usimtajie sheria bado.

Fundi Mitambo, Malindi
Mimi nauliza mengine. Kwa nini atafuta cheo cha kusimamia watu ilhali mkono wake uko kwenye mashine? Kijana, nenda kafanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, anza na gredi ya tatu. Hawakuulizi cheti cha kidato cha nne, wataka uonyeshe kazi. Mimi nilikuwa kuli. Nilipopata gredi ya pili ndipo nikaandikwa kwa barua, na si kiwanda kilekile, maana pale walizoea kuniita "wewe". Nyapara akitoka pale hana cha kuonyesha kwengine. Fundi ana karatasi.

Baharia Mstaafu
Hapo nakubali. Pikipiki naiondoa.

Kijana wa Gongoni
Asanteni. Ujumbe nimeutuma, umesomwa, kimya. Ya NITA sikuyajua kabisa, nitapita chuo cha ufundi Jumatatu. Akiandika malipo nitashika zamu hiyo, lakini ya kuandika majina masika nitamwambia mapema aandike mwenyewe.

Mama Zaituni
Na akijibu, mwanangu, omba na glavu. Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, havikatwi kwenye posho. Wasichana wa zamu ya usiku wavaa mifuko ya plastiki mikononi, na wewe wawaona.