Mjadala: Noti za benki za Uskoti zibaki, au pauni itolewe na Benki Kuu ya Uingereza peke yake?

Mkazi wa Leith
Ndugu zangu, naleta hoja. Benki Kuu ya Uingereza siyo mtoaji pekee wa noti za pauni, kwa maana Uskoti kuna benki tatu za biashara zinazochapisha za kwao, yaani Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale, na Ireland ya Kaskazini nako wana zao. Pauni ni ile ile. Kinachotofautiana ni sura ya noti. Wapo wanaosema utaratibu huu umepitwa na wakati. Mimi nasema ubaki, na nasema hivyo ingawa wiki iliyopita muuza duka mmoja wa kusini mwa London aliigeuzageuza noti yangu ya pauni 20 yenye daraja la reli la Forth, akaimulika kwenye taa, kisha akanirudishia kana kwamba nimeichapisha jikoni kwangu. Huko ni kuvunja sheria, kwa kuwa noti hiyo ni fedha halali nchi nzima.

Karani Mstaafu
Kubaki au kutobaki tutakujadili baadaye, lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Muuza duka hakuvunja sheria yoyote. Katika England na Wales, noti zenye hadhi ya fedha halali ni za Benki Kuu tu; na huko Uskoti kwenyewe hakuna noti hata moja yenye hadhi hiyo, zikiwemo hizo za Benki Kuu. Isitoshe, hadhi yenyewe inahusu deni: mdaiwa akitoa fedha halali kamili, mdai hawezi kumshinda mahakamani kwa madai kwamba hakulipwa. Aliyesimama kaunta na mkate mkononi bado hadaiwi kitu, hivyo mwenye duka ana hiari ya kukataa hata noti ya pauni 50 ya Benki Kuu yenyewe, ile yenye sura ya mwanahisabati Alan Turing.

Mkazi wa Leith
Mzee wangu, ahsante kwa darasa. Ila kwa hesabu hiyo watu wa Edinburgh wamekuwa wakilipana makaratasi matupu tangu mwishoni mwa karne ya 17. Nadhani kasoro iko kwenye sheria yenu, haiko kwenye noti yangu.

Binti Makunduchi
Inanichosha kuona watu waliofika Uskoti juzi wakiipigania noti ya Waskoti kuliko Waskoti wenyewe. Mimi nina kibanda cha chakula Leicester. Mteja mmoja ananipa noti ya pauni 5 yenye vibua nyuma, anayemfuata ananipa ya pauni 10 yenye fisi maji wawili, foleni imefika barabarani, na kijana ninayefanya naye kazi hajawahi kuziona zote mbili. Kila toleo lina dirisha lake linalopitisha mwanga na alama zake za usalama. Nikipokea bandia, hasara ni yangu, wala si ya mwanahistoria yeyote.

Mkazi wa Leith
Dada, nimeishi hapa tangu kabla Benki Kuu haijaondoa noti ya pauni moja mwaka 1988, kwa hiyo hiyo juzi yako ni ndefu kidogo. Na hao vibua wako nyuma ya noti ya Nan Shepherd, mwandishi aliyeandika juu ya milima ya Cairngorm huko Uskoti. Ungesoma upande wa mbele ungekuwa umejifunza kitu.

Mhasibu wa Tanga
Tupunguze jazba. Wazee wetu walilipitia jambo hili. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921 chini ya Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao London, 20 kwa pauni moja, na noti za mwanzo za shilingi 20 ziliandikwa kabisa kwamba ni shilingi ishirini au pauni moja. Pamoja na maandishi hayo, haikuwa fedha ya kulipia basi London. Thamani ni jambo moja, kupokewa ni jambo jingine. Kwa upande wa thamani, noti za Uskoti hazina walakini: sheria ya benki ya mwaka 2009 inazitaka benki hizo ziweke dhamana ya noti zote zilizo mikononi mwa watu, na sehemu ya dhamana hiyo ni noti za pauni milioni 1 na za pauni milioni 100 zinazokaa Benki Kuu bila kutoka.

Karani Mstaafu
Umeiruka florini ya mwaka 1920, iliyoshika nafasi ya rupia na haikudumu. Zanzibar nayo hukuitaja. Ilibaki na rupia yake hadi mwaka 1936.

Binti Makunduchi
Mkiitaja Zanzibar muitaje kwa heshima. Serikali yake ilitoa noti zake yenyewe mwaka 1908, zenye picha ya jahazi na ya wachuma karafuu, wakati hata hiyo Bodi ya wengine hapa ilikuwa haijafikiriwa.

Mkazi wa Leith
Kumbe! Noti yenye jahazi ni fahari, noti yenye vibua ni usumbufu. Mwaka 1826 Serikali ya London ilitaka kupiga marufuku noti zote zilizo chini ya pauni 5, mwandishi wa riwaya wa Uskoti, Walter Scott, akaandika barua kali magazetini mpaka Uskoti ikaachiwa zake, na ndiyo maana sura yake ipo kwenye noti za Bank of Scotland hadi leo. Hisia ni zile zile zako, dada.

Binti Makunduchi
Si zile zile. Ya Zanzibar ilitolewa na serikali. Hizi zako zinatolewa na kampuni za biashara, na mojawapo, Royal Bank of Scotland, iliokolewa kwa fedha za walipa kodi mwaka 2008. Huko Belfast pauni inachapishwa na Danske, benki ya Kidenishi. Serikali ya Uskoti ikitoa noti yake nitaipokea na kuibusu. Tangazo la benki sitalipokea.

Mhasibu wa Tanga
Hapo sasa tumeingia katika suala la nani mwenye haki ya kutoa fedha. Mkazi wa Leith, hilo la Danske umelisikia?

Mkazi wa Leith
Nimelisikia. Kwanza aniombe radhi kwa ile juzi.