Komiki ya buku nne: nimeokota mali au nimeuziwa karatasi?

FundiAggrey:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Si mtu wa komiki kihivyo. Nimekulia kwenye Sani na Kingo za kuazimana shuleni, basi. Jumamosi nilipita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, namtafutia mwanangu kitabu cha Fizikia cha kidato cha tatu. Fizikia sikupata. Chini ya rundo la majarida ya mapishi ya Kizungu nikakuta komiki moja ya Marvel, Ultimate Fallout namba 4, ya mwaka 2011. Jaladani kuna kijana mweusi kavaa nguo za Spider-Man, kinyago kavua. Jamaa alianza na elfu tano, tukamalizana kwa buku nne.

Jumatatu nikaja nayo kibandani nisome mchana. Mteja mmoja, kijana wa chuo, kuiona tu akashika kichwa. Anasema humo ndimo Miles Morales, huyo kijana mweusi wa Spider-Man, alimotokea kwa mara ya kwanza, na lipo jalada lake adimu, la "moja kwa ishirini na tano", ambalo huko nje linauzwa mamilioni. Akanionyesha picha kwenye simu, haifanani na yangu. Akasema varianti, yaani majalada mbadala ya komiki ileile, zipo nyingi, huenda yangu ni adimu zaidi. Usiku akanitumia meseji: ananipa laki moja. Hapo ndipo nikashtuka. Mtu hakupi laki kwa karatasi ya buku nne hivi hivi.

Sasa wajuzi, nitajuaje ninayo ipi? Hiyo moja kwa ishirini na tano ni kitu gani, bahati nasibu? Na kama ni mali kweli, niuze, nifungie kabatini, au niipeleke huko Marekani wanakopima? Haina doa, ila kona moja ya chini imejikunja kidogo. Nawasilisha.

SubiriMjuzi:

Ngoja waje. Nimeshaagiza kahawa na kashata.

BintiKigamboni:

Kaka, laki moja kwa katuni? Chukua hela asubuhi na mapema kabla hajaamka vizuri.

MzeeWaUpanga:

Fundi, usiuze bado. Na usifurahi bado.

Tafuta bakodi, ile mistari myeusi ya kuskani. Pembeni ya ile kubwa kuna kipande kidogo chenye tarakimu tano. Watu wengi hawakitazami kabisa, na ndicho cheti cha kuzaliwa cha komiki yako. Tarakimu tatu za mwanzo ni namba ya toleo, kwa hiyo yako itaanza na 004. Ya nne inataja jalada: 1 ni la kawaida, 2 na kuendelea ni majalada mbadala. Ya tano inataja chapa, yaani imechapwa kwa mara ya ngapi: 1 ni chapa ya kwanza, 2 ni ya pili. Kwa hiyo 00411 ni jalada la kawaida chapa ya kwanza, na 00412 ni chapa ya pili. Tuandikie zako.

Ila kwa ulivyoieleza, kijana kavua kinyago, nakisia ni chapa ya pili. Chapa ya kwanza ilitoka Agosti 2011 imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jalada lake la kawaida likiwa la Mark Bagley. Hilo la moja kwa ishirini na tano alilichora Marko Djurdjevic. Miles mwenyewe ni kazi ya mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli.

Kuhusu ile hesabu, si bahati nasibu. Ni mtego anaotegewa mwenye duka. Mchapishaji anamwambia: ukiagiza nakala 25 za jalada la kawaida, nakupa nafasi ya kupata moja ya jalada mbadala. Anaagiza 25 wakati wateja wake ni 12. Zile 13 zinamdodea, kwa hiyo lile moja analipandisha bei kufidia. Ni sawa na muuza duka wa hapo kwako kulazimishwa kubeba katoni za kava zisizotoka ili apewe kioo kimoja cha simu inayotafutwa.

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Wanaona 1 kwa 100 wanadhani lazima ni adimu kuliko 1 kwa 25. Kaa na kalamu. Komiki maarufu maduka yameagiza nakala 300,000: jalada lake la 1 kwa 100 linaweza kufika nakala 3,000. Komiki ya mhusika asiyejulikana imeagizwa nakala 15,000: jalada lake la 1 kwa 25 haliwezi kuzidi 600, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu maduka madogo hayafikishi hizo 25. Ipi adimu? Uwiano unakuambia duka liliumia kiasi gani, haukuambii nakala ngapi zipo duniani. Idadi yenyewe mchapishaji haitangazi.

Halafu uhaba peke yake haununuliwi. Mimi nina jalada la 1 kwa 50 la komiki ambayo mhusika wake alikufa kwenye toleo la sita na hakuna aliyemlilia. Adimu kabisa. Nimemtafutia mnunuzi miaka saba.

KasukuSinza:

Mzee heshima yako, lakini dunia imebadilika. Mimi nanunua majalada ya maduka maalumu, yasiyo na maandishi, mchoro mtupu, yameandikwa kabisa idadi 500 au 1,000. Hapo hakuna kukisia. Ni kama kiwanja Kigamboni kabla ya daraja.

MzeeWaUpanga:

Kasuku, kiwanja hakichapishwi upya wiki ijayo.

Hayo majalada duka linaagiza lenyewe, linachagua mchoraji, linaandika idadi, na wiki hiyohiyo maduka mengine thelathini yanafanya vilevile kwa komiki ileile. Idadi ya 500 ni ya kweli, lakini mkusanye wote muone mko wangapi. Kama mchoro unaupenda, nunua, hata mimi ninayo machache. Usiseme ni akiba ya ada ya mtoto.

Haya mambo yalishatokea. Mwaka 1990 Marvel walitoa Spider-Man namba 1 ya mchoraji Todd McFarlane kwa majalada ya rangi tofauti, zikauzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Mwaka uliofuata X-Men namba 1 ya mchoraji Jim Lee ikatoka na majalada matano, nakala zaidi ya milioni nane. Watu walinunua yote matano, wakayafungia, wakasubiri utajiri. Soko likaanguka, na mwishoni mwa 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mufilisi. Hiyo X-Men hadi leo unaipata kwa bei ya chipsi mayai, kwa sababu kila aliyeinunua aliitunza. Komiki za zamani zina bei kwa kuwa mama zetu walifungia maandazi.

FundiAggrey:

Shikamoo mzee. Nimetazama kwa lensi yangu ya kazi: 00412. Roho imeshuka kidogo. Ina maana ni takataka?

MzeeWaUpanga:

Marahaba, mwanangu. Takataka nani kasema? Ni chapa ya pili ya toleo linalotafutwa, yenye jalada lake peke yake, na humo ndani hadithi ni ileile. Wapo wanaoitafuta hiyohiyo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uso wa kijana. Na kawaida chapa ya pili huchapwa kidogo, kwani maduka huagiza kwa kujaziliza tu. Lakini si ile aliyokuonyesha mteja wako, na nadhani yeye alijua.

Bei usiniulize mimi, wala usimuulize yeye. Ingia eBay, lile soko la mtandaoni, andika jina, namba na chapa, halafu chagua zilizouzwa, si zinazouzwa. Bei ya kuomba ni ndoto ya mtu. Bei iliyolipwa ndiyo bei. Tazama kumi za mwisho, uachane na ile moja iliyoruka juu peke yake.

Kupima: kampuni inayojulikana zaidi ni CGC, iko Florida, ipo tangu 2000. Wanakagua, wanatoa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo. Watu wanapigania 9.8. Kona iliyojikunja haifiki huko, rangi ikishapasuka kwenye mkunjo hata kwa milimita chache alama inashuka. Shika komiki chini ya tochi ya simu, uilaze kama unakagua kioo chenye mikwaruzo. Ukiona kamstari keupe kwenye huo mkunjo, rangi imevunjika. Ukiona imejipinda tu bila weupe, una nafuu. Ila kutoka Dar kwenda na kurudi, ada, usafiri, bima, kwa nakala yenye kona hiyo, utatumia zaidi ya utakachoongeza.

Nitakueleza adui halisi wa komiki hapa kwetu, na si mlanguzi wala posta. Ni hewa yetu yenye unyevu.

Mwaka mmoja nilihifadhi boksi langu uvunguni, nyumba ya chini, Upanga. Lilikuwa boksi la mafuta ya kula, nimepanga wima vizuri, kila moja na nailoni yake. Masika ikapita, sikufungua. Juni navuta boksi, chini limebaki limeganda sakafuni kama chapati iliyoungua. Nikatoa ya kwanza: juu safi, rangi zinang'aa. Nikafungua katikati. Zile pini mbili za mgongoni zilikuwa zimetoa kutu, na kutu imeingia kwenye karatasi, duara la kahawia kama mtu kaweka kikombe cha chai, kurasa nane kwenda ndani. Ukigusa pini inabaki unga kwenye kidole. Katika komiki arobaini na mbili, zilizosalimika kumi na tisa. Moja ya zilizokufa ilikuwa ya 1 kwa 100 niliyoitolea dola mia na ishirini, na ilikuwa imeshapata msukosuko njiani: kampuni moja ya mizigo ilifungua bahasha kukagua, ikashindwa kuirudisha, ikaikunja katikati ili iingie. Kwa hiyo ilikuwa imekufa mara mbili.

Siku hizi naziweka juu ya kabati la nguo, ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na jua la jioni. Nailoni za sokoni zile laini zenye harufu situmii, zinanata kwenye wino. Naagiza mifuko ya Mylar, plastiki angavu isiyonata, na kadibodi isiyo na asidi. Na ndani ya boksi natupia vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vimeandikwa usile. Nyie watu wa Kariakoo mnavitupa barabarani kila siku, mimi nikipita Mtaa wa Msimbazi naviokota kama kichaa. Mke wangu hatembei tena na mimi huko.

KasukuSinza:

Hapo kwenye kutu mzee umenigusa. Nimefungua moja yangu sasa hivi. Kuna kidoa. Sijui nimwambie nani.

BintiKigamboni:

Pole Kasuku. Kiwanja kimeingia maji.

SubiriMjuzi:

Kashata zimeisha na uzi bado mtamu. Mzee, na zile wanazochapisha upya zinafanana kabisa na za zamani? Zinatambulikaje?

MzeeWaUpanga:

Hizo wanaandika wazi kuwa ni nakala ya kufanana, maneno ya "Facsimile Edition", mara nyingi jaladani na pia kwenye maandishi madogo ndani yanayotaja mchapishaji na tarehe. Anza na hayo maandishi madogo siku zote. Mtu akikutumia picha ya jalada tu, mwombe ya ukurasa huo na ya bakodi. Akianza kukupigia hadithi, mwache aende nazo.

FundiAggrey:

Mzee asante sana, Mungu akuzidishie. Nimeilaza chini ya tochi: kamstari keupe kapo, kadogo, kama nusu punje ya mchele. Pini ni safi, hazina kutu. Nimemjibu yule kijana kuwa ni chapa ya pili, na ofa yake imeshuka hadi elfu thelathini ndani ya dakika mbili. Kumbe alijua.

Sijauza. Tatizo ni kwamba jana niliiacha mezani, mwanangu kaisoma mara mbili huku anakula mihogo ya kukaanga. Kuna alama ya kidole cha mafuta ukurasa wa tatu. Hiyo inashusha kiasi gani?

MzeeWaUpanga:

Inashusha. Lakini kwa buku nne, mwache asome ya tatu. Mnawishe tu mikono. Vipakiti vya viatu ukiviona nikusanyie mfuko mmoja, nitapita Ijumaa baada ya swala.

Halafu yule muuzaji wa Posta, huwa anatandaza upande gani wa barabara?

FundiAggrey:

Vipakiti utavikuta, mzee. Hilo la pili sijalisikia vizuri, mtandao unakatakata.