Je, fahali wa mbegu awekewe kikomo cha watoto?

Kibuyu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Hoja yangu ni hii: fahali anayetumika kwa uhimilishaji (kupandisha kwa mrija wa mbegu, bila dume mwenyewe kuwepo) awekewe kikomo cha watoto, na kikomo kiwe cha sheria, kisiachwe kwenye hiari ya muuza mbegu. Najua wauza mbegu mmo humu. Karibuni.

Zamani fahali alipanda majike ya zizi lake na ya majirani, akazeeka, mambo yakaishia hapo. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza wakagundua kwamba gliserini huikinga mbegu isife ikigandishwa. Tangu hapo fahali anaweza kuwa amekufa miaka mingi na bado anazaa katika nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Fahali mmoja wa Holstein, kosaafu (yaani aina) ya ng'ombe wa maziwa, aliyeitwa Toystory, aliyekufa mwaka 2014, aliuza mirija ya mbegu zaidi ya milioni 2.4. Fahali mmoja huyo!

Sasa tupige hesabu. Chukua majike 1,000 na madume 5. Ukihesabu vichwa unapata 1,005. Lakini nusu ya damu ya kila ndama inatoka kwa hao madume watano, kwa hiyo wataalamu wa uzalishaji wana kanuni yao: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawa kwa jumla ya wote. Jibu ni 20 hivi. Yaani kundi la elfu moja linapoteza utofauti wa vinasaba kwa kasi ya kundi la wanyama 20. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hushauri namba hiyo isishuke chini ya 50. Holstein wako mamilioni duniani, ila kwa hesabu hii makadirio mengi yanawaweka chini ya 100 au jirani na hapo. Ukifuata baba, baba wa baba, hadi juu, karibu fahali wote wa Holstein wa uhimilishaji Marekani wanaishia kwa mmoja kati ya wawili: Chief aliyezaliwa 1962 na Elevation aliyezaliwa 1965.

Msiniambie hilo ni jambo la kawaida.

Mshale

Mkuu Kibuyu, nikuulize kwanza. Nimesimama na mhimilishaji, jike langu liko kwenye joto, mbegu ya fahali bora ipo ndani ya tangi. Unataka niambiwe "huyo mgao wake umekwisha, chukua wa pili kwa ubora"? Hasara ya ndama huyo dhaifu nitalipwa na nani?

Na usisahau upande wa pili wa hesabu. Mwaka 1944 Marekani ilikuwa na ng'ombe wa maziwa milioni 25.6 waliotoa kilo bilioni 53 za maziwa. Mwaka 2007 walikuwa milioni 9.2 tu, na maziwa yalifika kilo bilioni 84. Lishe na matibabu vina sehemu yao, sikatai, lakini ng'ombe wa 1944 ungempa chakula cha leo angenenepa tu. Ng'ombe wachache maana yake malisho kidogo na samadi kidogo kwa kila lita. Kazi hiyo imefanywa na kuchagua, na kuchagua ni kuacha wengine. Huwezi kuchagua huku umewachukua wote.

Mama Ndama

Mimi si mtaalamu, ni mkamuaji. Niwape yaliyonipata.

Mitamba yangu sita ilianza kurudia joto. Inapandishwa, inatulia, tunadhani imeshika, wiki kadhaa baadaye hao tena wanalia usiku. Tukapima magonjwa, hakuna. Tukabadili chakula, wapi. Siku moja nikamwomba mhimilishaji anionyeshe karatasi za ukoo za mbegu alizokuwa akiniletea miaka yote ile. Majina yalikuwa manne. Watatu baba yao mmoja, na wa nne ni mjukuu wa huyo huyo. Na baba wa mitamba yangu? Ndugu yao.

Nilipobadili ukoo wa fahali mitamba minne ikashika mara ya kwanza. Sisemi nimethibitisha kitu, inaweza kuwa bahati. Nasema tu kwamba Mshale unaposema "fahali bora yupo ndani ya tangi", angalia kama ndani ya tangi kuna mafahali wanne au kuna fahali mmoja mwenye majina manne.

Daktari Mstaafu

Dada Mama Ndama, kisa chako siwezi kukiamua kwa mbali, ila kinafanana na jambo lililotokea kweli kwa huyo Chief, na ni vizuri tulijue wote.

Chief alikuwa na mabinti wapatao 16,000, wajukuu wa kike wapatao 500,000, na vitukuu wa kike zaidi ya milioni mbili. Karibu asilimia 14 ya vinasaba vya Holstein wa Marekani vimetoka kwake. Alikuwa fahali mzuri kweli kweli. Ila alibeba nakala moja mbovu ya jeni iitwayo APAF1. Mwenye nakala moja haumwi chochote. Kiinitete (mimba changa) kikipata mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kinafia tumboni mapema, na mfugaji anachoona ni jike kurudia joto tu.

Namna lilivyogunduliwa hilo ndiyo inayonifurahisha mpaka leo. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani hawakuanza na mimba zilizoharibika. Walitazama vipimo vya vinasaba vya maelfu kwa maelfu ya ng'ombe wazima wakatafuta kisichokuwepo. Kipande fulani cha kromosomu kilionekana kwa wanyama wengi, lakini sikuzote kikiwa kimoja. Kwa bahati ya kawaida wangepatikana wengi wenye viwili, na hakupatikana hata mmoja. Wenye viwili hawakuwa wamezaliwa. Jeni yenyewe ikapatikana baadaye kwa kukifuata kipande hicho.

Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ilisababisha mimba 525,000 kuharibika duniani, hasara ya dola milioni 420.

Mshale

Shikamoo daktari. Malizia sentensi basi. Watafiti hao hao walikadiria faida ya vinasaba vya Chief kuwa dola bilioni 30. Sasa Kibuyu angemwekea kikomo mwaka 1970, tungeokoa milioni 420 na kupoteza mabilioni. Na leo kasoro inapimwa, mwenye nayo anaepukwa.

Daktari Mstaafu

Marahaba. Ni kweli, na sikutaka kuificha.

Lakini nina mawili. Kwanza, hasara ile ilikaa miongo kadhaa bila mtu kuijua, na aliyeibeba ni yule mwenye majike matano anayeambiwa "hujui kutambua joto". Faida na hasara hazikuingia mfuko mmoja. Pili, kila kiumbe kina kasoro zake chache zilizojificha. Kasoro ya fahali mwenye watoto hamsini haiendi mbali. Ya mwenye watoto elfu kumi na sita inakuwa mali ya kosaafu nzima. Baada ya ile ya Chief zimegunduliwa nyingine kadhaa za namna hiyo kwa Holstein.

Ila na wewe Kibuyu usiuchukie uchaguzi. Mara nyingi tatizo ni kile tunachochagua. Marekani walichagua maziwa miaka mingi na uwezo wa kushika mimba ukashuka. Mwaka 2003 walipoanza kuhesabu rutuba ya mabinti katika kumpa fahali alama, mteremko ule ukakoma na baadaye ukageuka. Wanorwei waliingiza afya na rutuba tangu miaka ya 1970 na ng'ombe wao wekundu hawakupita njia hiyo. Upande mwingine tazama ng'ombe wa nyama wa Belgian Blue: wamechaguliwa kwa misuli mpaka zaidi ya asilimia 90 ya ndama hutolewa kwa upasuaji. Kikomo cha watoto kisingemsaidia jike huyo hata kidogo, maana hapo wote wanachagua kitu kimoja kwa hiari yao.

Jirani Mbishi

Ninyi nyote mnaogopa kivuli. Huko Northumberland, Uingereza, kuna ng'ombe weupe wa Chillingham. Wamefungiwa katika bustani moja wakizaliana ndugu kwa ndugu zaidi ya miaka 300. Baridi ya 1947 iliwabakiza 13 tu. Leo wamevuka 100. Wamepimwa vinasaba wakakutwa wanafanana karibu kama mapacha, na wanazaa vizuri. Mnasemaje?

Daktari Mstaafu

Nasema ni mfano mzuri wa aliyevuka mto wa mamba akasema mto hauna mamba. Makundi mengine ya ng'ombe weupe wa bustani za mabwana wa Uingereza yametoweka, na hayo hayana wa kuja kutusimulia. Inaelekea Chillingham walizipoteza kasoro mbaya polepole, kizazi baada ya kizazi, kwa kufa kwa waliokuwa nazo. Mfugaji gani hapa yuko tayari kusubiri kufa huko katika zizi lake? Isitoshe hakuna anayewadai lita thelathini kwa siku.

Mchungaji wa Jioni

Mnazungumza kana kwamba dunia nzima ni Holstein. Kinachonisumbua mimi ni kosaafu ambazo hazifiki hata kwenye mashindano.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai huvumilia minyoo ya tumbo ambayo humwangusha Dorper, kondoo wa nyama wa Afrika Kusini. Dorper ni mkubwa zaidi, watu wakachanganya, wakachanganya tena, mpaka mwekundu asiye chotara akawa wa kutafutwa. N'Dama wa Afrika Magharibi huishi kwenye mbung'o mahali ambapo ng'ombe wengine hukonda na kufa. Ukiwapima kwa lita na kilo pekee, wote hawa wanashindwa siku ya kwanza.

Na thamani huwezi kuijua mapema. Mwishoni mwa karne ya 18 kondoo wadogo wa Bengal walipelekwa Australia. Nani angewapa alama? Jeni yao ya kuzaa pacha ikaingia kwenye Merino, kondoo wa sufu, ikakaa kimya, na katika karne ya 20 ndiyo ikajulikana kwa jina la Booroola na kutafutwa na wafugaji wa nchi nyingi.

Kuku ndiyo usiseme. Watafiti wa Kanada waliwalisha chakula kile kile kuku wa nyama wa ukoo wa 1957, wa 1978 na wa 2005. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili 1,808, wa tatu 4,202. Sikatai ni kazi kubwa. Lakini utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba koo za kuku wa biashara zimekosa nusu au zaidi ya utofauti uliokuwepo kwa mababu zao. Na koo hizo ziko mikononi mwa kampuni chache. Kikomo cha Kibuyu kitamfikaje kuku?

Mama Ndama

Kaka Mchungaji, nakubali, ila kuna neno limenikaa kooni. Wanaosema "tuhifadhi mbegu ya asili" mara nyingi hawakamui. Mwenye mnyama wa lita mbili ndiye anayeambiwa amtunze kwa faida ya dunia, na dunia haimlipi hata debe la pumba. Mataifa yalikutana Interlaken, Uswisi, mwaka 2007, wakapitisha mpango wa dunia wa kulinda rasilimali za vinasaba vya mifugo. Vizuri. Anayemlinda kondoo mwekundu leo ni mama mjane mwenye kondoo kumi na mmoja. Mpango ule anausikia kwako.

Jirani Mbishi

Si mbegu zigandishwe zikae ghalani? Watu wa chuo kikuu cha Pennsylvania State walichukua mbegu za Holstein za miaka ya 1950 kutoka ghala la serikali, wakapata ndama wa koo za kiume zilizokuwa zimepotea. Kwisha habari.

Mchungaji wa Jioni

Kwisha kwa Holstein, maana kuna aliyezigandisha. Kwa kosaafu nyingi duniani FAO yenyewe haina hata takwimu za kusema ziko hatarini au la. Na mbegu iliyogandishwa mwaka 1950 haijaonana na magonjwa ya 2020.

Kibuyu (mleta mada)

Wakuu, nimesoma yote, nami narudi nyuma hatua moja. Moja tu, Mshale usishangilie.

Kikomo kwa kila fahali kama nilivyokiweka hakifai. Mshale akinunua mbegu ya fahali bora na ndama akawa wa kukamuliwa, utofauti wa kosaafu haujaguswa sana, ng'ombe huyo ataishia zizini kwake. Pa kubana ni kwa mafahali wanaozaa mafahali. Tukifuatilia watoto wote wa kiume wanaoingia vituo vya mbegu tutaona baba zao ni wachache mno. Hapo ndipo mlango unapofungwa, na watu wa kukaguliwa hapo hawajai basi moja.

Tena haraka inatakiwa. Kabla ya 2009 fahali alisubiri mabinti wake wakamuliwe ndipo apewe alama, miaka mitano, sita. Sasa anapimwa vinasaba akiwa ndama, na kabla binti wa kwanza hajatoa tone la maziwa fahali yule tayari amekwisha kuwa babu. Hata kama kila kizazi kinapoteza utofauti kiasi kile kile cha zamani, vizazi vinapita mbio, kwa hiyo kwa mwaka tunapoteza zaidi. Kanuni za kupanga mchango wa kila dume, ili maendeleo yaendelee bila undugu kupita kiwango, zipo tangu miaka ya 1990. Kompyuta inazifanya kwa dakika. Hazitumiki inavyostahili kwa sababu kampuni itakayojizuia peke yake itapitwa na mwenzake msimu ule ule. Ndiyo maana nasema sheria, na hapo sirudi nyuma. Mfugaji mmoja mmoja anachagua sawasawa. Wote tukichagua sawasawa kwa pamoja, tunakuta tangi lina fahali mmoja mwenye majina manne.

Mshale

Mafahali wanaozaa mafahali, hapo naweza kukusikiliza. Ila sheria ya nchi gani? Mbegu inavuka mipaka ndani ya tangi la naitrojeni.

Mama Ndama

Wakati mnatafuta nchi, mimi nimeanza na langu: mhimilishaji haingii zizini kwangu bila karatasi ya ukoo hadi mababu wa pande zote mbili. Mara ya kwanza alinuna. Juzi alikuja nazo bila kuombwa, na kwenye moja kulikuwa na jina la Chief, ila mbali sana, huko juu kabisa. Nikamwambia hiyo irudi kwenye tangi, lete ile nyingine.

Jirani Mbishi

Na hiyo nyingine ukipanda juu kidogo zaidi utamkuta Elevation.

Mama Ndama

Nimemkuta. Nikapandisha hivyo hivyo.